Aliandika "Baadaye": jibu kwa msomaji aliyempoteza rafiki wa chumba kimoja

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia hivi:

"Nina miaka 54. Kuanzia 1991 hadi 1997 niliishi na rafiki yangu katika chumba kimoja cha mabati Kaptembwa, Nakuru. Yeye alikuwa akijifunza ufundi wa magari, mimi nilikuwa karani wa kibarua. Mwaka 1994 niliachishwa kazi na akalipa kodi peke yake miezi mitano. Tulikuwa na daftari la hesabu. Kwenye safu yangu, miezi yote mitano, aliandika neno moja tu, 'baadaye'. Daftari ninalo mpaka leo. Sikuwahi kulipa. Tuliachana kwa maneno makali alipooa mwaka 1997, nikatoka na godoro langu kichwani katika ile mvua ya El Niño. Miaka ilipopita tukapatana kwa simu, lakini kwake Vihiga nilifika mara mbili tu. Mwaka jana aliniambia anaumwa, nikamwambia nitakuja Desemba. Alifariki Novemba. Siku chache baada ya mazishi wazee waliuliza nani alikuwa na deni la marehemu. Nilinyamaza. Sasa shemeji, mjane wake, ananiomba nizungumze kwenye makumbusho ya marehemu Desemba hii na nimeshindwa kuandika hata mstari mmoja. Kazini naenda, chakula nakula, lakini usiku naota kile chumba, wala sioti nyumba niliyolelea watoto wangu. Na mambo yananitoka: hata jina la jirani aliyekuwa na televisheni, tulikotazama Nigeria Kombe la Dunia la 1994, silikumbuki tena. Mke wangu anauliza kama ni ugonjwa. Ni ugonjwa? Niseme nini mbele ya watoto wake? Deni nilifanyeje? Na je, niende peke yangu au na mke wangu?"

Ndugu yangu, pole sana. Naanza na pole kwa sababu nina hakika hujapewa nyingi. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka 22, kwanza Kisumu na sasa Nakuru, na kila nikienda matangani naangalia rafiki wa zamani ameketi wapi. Mara nyingi ni hema la mwisho, karibu na sufuria, akisaidia kubeba viti. Ratiba ya mazishi inawataja wazazi, mjane, watoto, wakwe, kanisa, wafanyakazi wenzake, chama, mwakilishi wa wadi. Halafu jua likishaanza kushuka mwongoza shughuli anasema, "Marafiki, dakika mbili, mmoja aseme kwa niaba ya wote." Mtu aliyelala kitanda cha pili kwa miaka sita anasema kwa niaba ya wote kwa dakika mbili, kisha anapanda matatu arudi kwake, na kesho yake kazini hakuna anayejua amefiwa. Likizo ya msiba hapewi. Hapelekewi unga wala sukari.

Mtafiti wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1989. Alieleza kwamba kuna huzuni ambayo jamii haijaipa kibali, kama ya rafiki, ya mtalaka, ya mfanyakazi wa nyumbani aliyefiwa na mtoto aliyemlea. Uchungu unakuwa uleule, lakini hakuna kigoda cha kuukalia. Kwa hiyo unaingia ndani na kutafuta mlango mwingine. Kwako umepata mlango wa usingizi.

Sasa nijibu swali la mkeo. Kwa hayo uliyoniambia, huu si ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua huzuni iliyopitiliza: inadumu zaidi ya miezi sita, inazidi mipaka ya desturi za jamii ya aliyefiwa, na inamfanya mtu ashindwe kazi, ashindwe nyumba, ashindwe kujitunza. Wewe kazini unakwenda na chakula unakula. Ukianza kunywa ili ulale, au ukihisi heri nawe uondoke, hapo usingoje Desemba wala barua yangu nyingine, nenda hospitali ya kaunti uombe kumwona mshauri siku hiyohiyo. Na mtu akikuambia kwamba kufikia sasa ulipaswa kuwa umepita hatua fulani za huzuni, usimsikilize sana. Zile hatua tano ambazo watu wanazihesabu kwa vidole zilitokana na kazi ya Elisabeth Kübler-Ross, aliyoichapisha mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Hazikutungwa ziwe ngazi ambayo kila aliyefiwa ataipanda kwa zamu.

Lakini kwa nini uote chumba, tena kile cha Kaptembwa?

Wanaochunguza kumbukumbu wameona jambo hili mara nyingi. Mtu aliyepita miaka 40 akiombwa asimulie maisha yake, matukio yanayomjia kwa wingi usio wa kawaida ni ya umri wa miaka 10 hadi 30. Maelezo yanatofautiana, ila moja naliona kila siku ofisini kwangu, kwamba huo ndio wakati wa mambo ya kwanza. Mshahara wa kwanza, kufuli la kwanza ambalo ufunguo wake unao wewe, mara ya kwanza kuumwa bila mama kukupikia uji. Nyumba uliyolelea watoto uliingia ukiwa tayari mtu mzima aliyekwisha kukamilika. Kwenye kile chumba cha mabati ndipo ulipokuwa unajitengeneza, na kulikuwa na shahidi mmoja tu. Wazazi wako walikuwa Kisumu, wake walikuwa Vihiga. Aliyekuona ukirudi jioni bila kazi na viatu vimejaa lile vumbi la Nakuru alikuwa yeye.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu jina la yule jirani ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 1985 kwamba watu wanaoishi pamoja hugawana kazi ya kukumbuka bila hata kukubaliana. Mmoja anakumbuka tarehe, mwingine majina. Mmoja anajua tulikwenda lini, mwingine anajua tulikwenda kwa nani na tulikula nini. Kila mmoja anaacha kubeba kile ambacho mwenzake tayari anakibeba, maana anajua akikihitaji atauliza tu. "Yule jamaa anaitwa nani vile?" Na jibu linatoka upande wa pili wa pazia.

Umeona? Wewe ulibaki na mpira. Nina hakika unaweza kunieleza bado Rashidi Yekini alivyoingia golini kwa Bulgaria, akishika nyavu na kulia, bao la kwanza la Nigeria katika historia ya Kombe la Dunia, usiku wa manane huku kwetu. Jina la mwenye televisheni alilibeba yeye. Hukulisahau mwaka huu. Ulimwachia yeye tangu 1994, na mwaka jana Novemba akaondoka nalo. Ndiyo maana wafiwa wa aina yako huniambia wanahisi wameibiwa, wanatafuta kitu na hawajui ni kitu gani. Ni nusu ya ujana wako iliyokuwa imehifadhiwa kichwani mwa mtu mwingine. Ndoto zako nazisoma hivyo: unarudi chumbani kuangalia kilichobaki.

Mimi nilikaa chumba kimoja na mwenzangu Manyatta, Kisumu, tulipokuwa tukisomea unesi. Tulikuwa na pasi moja ya makaa. Ilikuwa na jogoo mdogo wa chuma mbele, pale pa kufungia kifuniko, na jogoo huyo alikuwa amekatika kichwa. Mwenzangu alikuwa akinyosha sare zote mbili, yake na yangu, kwa sababu mimi niliwahi kuunguza kola. Alipofariki sikulia mazishini. Nililia wiki mbili baadaye sokoni Kibuye, mbele ya mzee anayeuza vyuma vikuukuu, nilipoiona pasi kama ile. Mzee hakuniuliza kitu. Alinisogezea gunia nikae. Nilikuwa tayari mshauri kwa miaka kadhaa, nimewafundisha wengine haya ninayokuambia, na bado sikujua kwamba hilo lilikuwa linanisubiri kwenye rundo la vyuma. Kwa hiyo nikikushauri uanze na vitu, nasema jambo ambalo limenipata.

Umesema huwezi kuandika hata mstari. Usiandike hotuba bado. Mwaka 1986 mtafiti James Pennebaker aliwaomba wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza zaidi, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Siku zilezile za kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Dakika 15 hata wewe unazo. Lakini mimi huwa naongeza kitu kimoja, kwa sababu watu wetu wengi wakiambiwa "andika unavyojisikia" wanaandika "ninajisikia vibaya" na kalamu inakauka. Chora chumba kwanza. Chukua karatasi, chora mlango ulielekea wapi, vitanda vilikaaje, stovu ya mafuta ya taa iliwekwa kona gani, ndoo za maji, kamba ya nguo, msumari wa koti. Kisha ingia. Siku ya kwanza andika asubuhi moja tu humo ndani: nani aliamka kwanza, nani alikwenda mferejini, ni chai ya maziwa au ya rangi. Siku ya pili andika jioni moja ya 1994 ukiwa huna kazi. Siku ya tatu andika ile siku ya mvua na godoro. Siku ya nne mwandikie yeye.

Usimwonyeshe mtu karatasi hizo. Hazina sarufi wala adabu, na zisiwe nazo.

Ile siku ya mvua nataka niiguse, kwa sababu naona umeiandika kwa sentensi moja na kukimbia. Vijana wawili wakikaa chumba kimoja, kuachana kwao huwa kubaya kwa sababu hakuna namna nzuri iliyotayarishwa. Binti akiolewa anasindikizwa kwa nyimbo. Mtoto akienda shule ya bweni anaombewa. Rafiki anayetoka kwenye chumba kwa sababu mwenzake ameleta mke hana wimbo, hana sala, ana godoro. Hivyo watu wanatafuta ugomvi uwasaidie kutoka. Nimesikia wanaume wengi wa umri wako wakisimulia ugomvi wa namna hiyo: juu ya redio, juu ya sufuria, juu ya nani alinunua pazia. Ukichimba unakuta kijana wa miaka 26 ambaye hakujua kusema, "Nitakukosa." Naye aliyebaki na mke mpya hakujua kusema hivyo. Kisha mlipatana, ndugu yangu. Alipougua alikupigia wewe. Mtu aliyekuwekea kinyongo hakupigii kukuambia anaumwa.

Na ile "nitakuja Desemba" usijichape nayo kila usiku. Ni neno la kila mtu wa magharibi mwa Kenya. Desemba ndipo tunaporudi, ndipo barabara ya Kisumu hadi Kakamega inapojaa magari yenye magodoro na kuku juu, ndipo harusi, mahari, kuezeka na kupatana kunapofanyika. Tumezoea kuweka kila jambo la moyo Desemba kana kwamba mwezi huo umeahidiwa kila mtu. Ulisema lugha ya kwenu. Ulikosea hesabu, kama alivyokosea yeye aliyesikia akasema sawa. Hata hivyo sitakudanganya kwamba hukupungukiwa. Kutoka Kisumu hadi Vihiga ni safari isiyofika saa moja, na wewe unajua. Hatia ya kweli inapozwa na kazi. Maneno ya faraja hayatoshi. Kazi yako ipo, nayo ni watoto wake.

Tuje kwa deni.

Wazee walipouliza, hukunyamaza kwa wizi. Swali lile kwa kawaida linangoja jibu la ng'ombe, shamba, mkopo wa chama, kitu chenye shahidi na kiasi. Wewe ulikuwa na neno "baadaye" mara tano kwenye daftari. Ungesimamaje mbele ya ukoo useme hivyo? Zaidi ya hapo, naamini uliogopa kwamba ukilitaja na kulipwa siku ile, uzi wa mwisho kati yenu utakatika. Nimeliona hili mara nyingi. Deni kwa marehemu ni njia ya kubaki naye.

Jaribu kukumbuka mwaka wenyewe ulivyokuwa. Mwaka 1993 bei zilipanda nchini kwa karibu asilimia 46, mfumuko ambao kizazi chetu hakikuwa kimewahi kuuona. Mwaka 1994 ndipo noti ya shilingi 1,000 ilipotoka kwa mara ya kwanza. Kazi za vibarua zilikuwa zikikatwa kila upande. Fundi mwanagenzi wa gereji, ambaye wakati mwingine analipwa chakula na nauli tu, alibeba chumba chote miezi mitano. Na alipofika kwenye safu yako hakuandika "hajalipa". Hakuandika "deni". Aliandika neno ambalo mwenzake akilisoma hatainamisha kichwa. Angeweza kuacha pale wazi. Aliona kwamba pakibaki wazi utapaona, kwa hiyo akapajaza.

Hili ndilo jambo la kuwaambia watoto wake. Sifa za jumla watasikia kwa kila mtu. Watasikia kwamba baba yao alikuwa mpole, mcha Mungu, mtu wa watu, mchapakazi. Maneno hayo yanasemwa kwa kila marehemu na hayana uso. Lakini kwamba akiwa na miaka ishirini na kitu, katika chumba cha mabati chenye joto, kwa mwanga wa koroboi, aliketi mwisho wa mwezi na kuchagua neno la kumstahi rafiki asiye na kazi, hilo hakuna mtu mwingine duniani anayelijua. Shemeji halijui. Mama yake halijui. Ukinyamaza tena, safari hii unalizika.

Lakini lipa. Naona wengine wangekuambia deni la miaka 30 limekuwa hadithi, usijisumbue. Mimi sikubali. Usianze kupiga hesabu ya thamani ya shilingi ya wakati ule na ya leo, utaishia kugombana na kikokotoo. Chukua kodi ya chumba kimoja cha Kaptembwa ya leo, mara miezi mitano. Hiyo ndiyo haki. Usilipe kwenye makumbusho mbele ya watu, maana pesa ikitolewa jukwaani inageuka kuwa yako, inakusifu wewe. Nenda wiki mbili kabla. Beba unga, sukari, majani ya chai, kama anavyokwenda mtu kwa mjane. Ukae jikoni ikiwezekana, upikiwe chai, umwonyeshe shemeji daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha umpe. Mwambie pia kwamba wazee walipouliza ulinyamaza, na umwombe akuelekeze kama kuna mzee wa ukoo anayefaa kujulishwa. Akisema hapana, iwe hapana. Akilia, usimwambie anyamaze.

Basi sasa hotuba yenyewe. Wabukusu, majirani wa marehemu upande wa kaskazini, wana mzee anayeitwa omuswala kumuse, anayesimama baada ya kifo cha mtu mkubwa na kutembea huku na huko mbele ya watu waliotulia, akisimulia ukoo ulikotoka na kuwaonya walio hai. Kilichonivutia kila nilipomsikia ni kwamba hana haraka na hamwagi sifa ovyo. Anataja mahali, anataja nani alimzaa nani, anataja mto uliovukwa. Wewe si omuswala wala usijaribu kuwa, lakini jifunze hilo la kutaja. Anza mlangoni: "Chumba chetu kilikuwa Kaptembwa, cha tatu kutoka chooni." Kama kilikuwa cha nne, sema cha nne. Watoto waingie nawe. Waonyeshe kitanda cha baba yao. Waambie alikuwa akipika nini vizuri na nini alikuwa akiunguza. Kama kulikuwa na neno la Kimaragoli, lugha ya kwao, alilolisema kila akiudhika au akifurahi, liseme vilevile alivyolisema, hata ukilikosea matamshi. Umati utacheka, na wale waliomjua watamsikia. Kisha fika 1994, fungua daftari, soma safu yako kwa sauti, mwezi kwa mwezi. Usiongeze maelezo. Kaa kimya kidogo, kisha endelea au uketi.

Dakika saba zinatosha. Usisome kwenye simu. Skrini inazimika na kidole kinatetemeka.

Ya kuacha: wasichana wa kabla ya shemeji, na pombe kama ilikuwepo, na chochote ambacho yeye mwenyewe asingekisimulia mbele ya mama yake. Kuhusu ugomvi, utaje kwa sentensi moja, kwamba mliachana vibaya na mkapatana. Usiufiche kabisa. Watoto wake nao watakosana na marafiki zao, na ni vyema wajue baba yao alipita hapo. Ila maneno yaliyosemwa usiku ule yabaki kwenye zile karatasi za siku ya tatu.

Kuna jambo hukuniuliza ila nitalisema. Ukiweza, rudi Kaptembwa kabla ya hapo. Nenda mchana. Nimepita huko mwaka huu, ploti nyingi za mabati zimevunjwa na magorofa yamesimama mahali pake, kwa hiyo jitayarishe kukuta ngazi mahali palipokuwa mlango wenu. Bado nenda. Wazee wachache wa zamani wapo, wanauza mkaa, wana vibanda, wamekaa nje ya misikiti na makanisa. Mmoja wao anaweza kulikumbuka jina la jirani mwenye televisheni. Kama mmoja wa vijana wa marehemu anakaribia umri mliokuwa nao ninyi, mwombe mama yake umchukue, mkatembee pamoja kutoka steji hadi mahali pa ile ploti, umwonyeshe baba yake alikuwa akipitia wapi akitoka gereji. Kijana hatasema mengi njiani. Vijana hawasemi. Mnunulie chai na mandazi.

Daftari lenyewe nakushauri ulitoe nakala kurasa zote, nakala ubaki nayo wewe, na lile la asili umpe kifungua mimba wake siku ya makumbusho baada ya kuketi. Ni mwandiko wa baba yake kabla hajawa baba. Kabla ya kulitoa, pale chini ya "baadaye" ya mwezi wa tano, andika kwa mkono wako tarehe uliyolipa.

Na ndiyo, nenda na mkeo. Jikoni kwa shemeji na kwenye makumbusho pia. Amekusikia ukiota chumba ambacho hajawahi kukiona, anastahili kukaa pale mbele akusikie ukikieleza ukiwa macho.